Kikombe Namba 7

Wanafunzi wangu wananiita Nusu Uhai. Wanadhani sijui. Jina lilianza mwaka ule niliotumia wiki tatu nzima kueleza muda ambao dawa inachukua kupungua nusu mwilini, mmoja akachora kwenye dawati: "Mhadhara wa Prof una nusu uhai wa saa nne. Ukikaa saa nne, bado nusu imebaki." Nililisoma dawati hilo nikisimamia mtihani, nikacheka peke yangu mpaka watahiniwa wakainua vichwa.

Nafundisha famakolojia, yaani elimu ya dawa na vituko vyake ikishaingia mwilini. Miaka kumi ya kwanza nilifundisha nilivyofundishwa: naingia na makaratasi yenye rangi ya chai ya maziwa, nasoma, wao wanaandika, tunaagana. Siku moja nikawauliza kuhusu paracetamol, dawa ambayo hakuna aliyekua bila kuimeza, wakanijibu kwa kukariri ukurasa wangu neno kwa neno, pamoja na kosa langu la uchapaji. Nikasema basi. Kuanzia hapo nikashika mambo mawili. Kwanza, dawa ionekane ikifanya kazi kwenye mwili wa mtu. Pili, mgonjwa wa kwenye mtihani awe na kwao, awe na kazi, na awe anapanda daladala.

Mambo hayohayo mawili ndiyo yaliyonivizia Magomeni, Dar es Salaam.

Ilikuwa 2014. Barabara ya Morogoro ilikuwa imechimbuliwa kwa ajili ya mwendokasi, na gari langu lilikuwa gereji. Mchana huo tulikuwa na zoezi ambalo wanafunzi wanaliita Siku ya Mkojo. Vijana 12 wanajitolea, wanapimwa presha, wanasaini fomu, kisha kila mmoja anakunywa kikombe cha juisi ya ukwaju. Nusu ya vikombe vina furosemide, dawa ya kuongeza mkojo, miligramu 40 iliyosagwa. Nusu ni ukwaju mtupu. Baada ya hapo kila nusu saa mtu anakwenda chooni na silinda yake ya kupimia, anarudi na takwimu. Hakuna anayejua nani kanywa nini, hata mimi. Orodha iko ndani ya bahasha iliyobandikwa gundi, na bahasha anayo fundi sanifu wa maabara.

"Hata mkuu wa chuo akija kuomba," nilimwambia mbele ya darasa, kwa sauti ya kutaka sifa, "haifunguliwi mpaka mkojo wa mwisho upimwe."

Kijana mmoja presha yake ilikuwa chini, nikamtoa kwenye zoezi. Kikombe chake kikabaki mezani.

Nilikuwa nimeongea saa nzima, maana kuhusu figo huwa sijizuii. Saa kumi na moja nilitakiwa Kimara kwenye kikao cha harusi ya mpwa wangu, mimi ndiye mweka hazina, daftari la michango liko kwapani. Koo limekauka. Nikawakabidhi wasaidizi wangu zoezi, nikageuka, nikaona ukwaju wa baridi, kikombe kinatoka jasho. Nikaugida wote. Ulikuwa mtamu, wamekolea sukari. Saa ya ukutani ilikuwa inaonyesha saa tisa na dakika kumi.

Nilipanda daladala kituo cha Fire, nikasimama, bomba mkononi. Tulikuwa bado hatujafika Jangwani simu ikaita. Fundi sanifu.

"Prof, samahani, kikombe namba 7 umekiona?"

Hapo ndipo kumbukumbu ilipofika, polepole, kama bili.

"Kaka yangu," nikamwambia kwa kunong'ona, "fungua bahasha. Niambie saba kilikuwa na nini."

Kimya. Kisha, kwa heshima kubwa: "Prof, si ulisema hata mkuu wa chuo?"

"Mimi ndiye niliyesema!"

"Ndiyo maana, Prof. Nikifungua, zoezi zima limeharibika. Wewe hukusema hivyo?"

Nilisema. Nakata simu najiambia uwezekano ni nusu kwa nusu, pengine ni ukwaju tu. Miaka yote hiyo nawafundisha watu kwamba akili ikiambiwa "umekunywa dawa" nayo huanza kutengeneza dalili. Basi kila nikisikia kitu chini ya kitovu nilikuwa nakiambia: wewe ni wasiwasi, wewe ni wasiwasi.

Dakika kumi baadaye wasiwasi ule ulikuwa na ujazo.

Tulikwama darajani Jangwani. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na chini yetu Mto Msimbazi unapita, mwingi, bila haraka, ukitoa ule mlio. Sikutaka kuuangalia. Nikafumba macho nikakutana na figo zangu mwenyewe. Figo za mtu mzima huchuja kama lita 180 kwa siku na kurudisha karibu zote. Tunachokwenda kukitoa ni lita moja na nusu hivi. Sehemu moja ya kazi hiyo ya kurudisha hufanyika kwenye kitanzi cha Henle, kipinde cha vijirija vya figo, ambako karibu robo ya chumvi iliyochujwa hurejeshwa mwilini. Furosemide hufunga mlango huo. Chumvi ikikosa kurudi, maji nayo hufuatana nayo kwenda nje. Nimelieleza jambo hilo mara mamia, na kila mara nilikuwa nachora mshale wa kwenda chini kwa chaki nyekundu. Ule mshale sasa nilikuwa nao.

Huwa nawasimulia wanafunzi kuhusu Albert Hofmann, yule mkemia wa Uswisi ambaye tarehe 19 Aprili 1943 alikunywa robo miligramu ya LSD, dawa ya kuleta maruweruwe, maabara kwake Basel, hali ikabadilika, akarudi nyumbani kwa baiskeli huku msaidizi wake akimsindikiza. Darasa hucheka sana. Mimi siku hiyo nilimwonea wivu. Mwenye baiskeli anasimama anapotaka.

"Konda, shusha!"

"Mzee, katikati ya daraja? Trafiki yule pale."

"Nashuka hapahapa."

"Mzee tulia bwana, Mapipa hapo tu. Sogea nyuma, huko kweupe!"

Mama mmoja aliyekaa akanitazama usoni, akatazama miguu yangu ilivyosukwa, akasimama kunipisha. Nikamwambia asante mama, kukaa ndiyo siwezi kabisa.

Magomeni Mapipa nilishuka gari halijasimama. Mbele yangu, duka la dawa. Nyuma ya kaunta, binti mwenye koti jeupe. Uso wake ukafunguka.

"Prof! Shikamoo!"

"Marahaba. Choo."

"Za siku nyingi Prof! Mama hajambo? Watoto?"

"Hawajambo. Binti yangu, choo kiko wapi?"

Akachukua funguo. Ilikuwa imefungwa kwenye chupa tupu ya dawa ya kikohozi, isipotee. Akainua mkono kunipa, kisha akanitazama, jasho, mguu juu ya mguu, na nikaona akili ikifanya kazi, ile akili ambayo nilisahau niliiona wapi.

"Prof, leo si Alhamisi? Siku ya Mkojo?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Umekunywa saa ngapi?"

"Tisa na dakika kumi."

Akatazama saa. "Sasa hivi kumi na dakika tano. Ndiyo yenyewe." Chupa ya kikohozi ikarudi kifuani kwake. "Prof unanikumbuka? Ulinipa sapu, nikarudia mtihani. Lile swali la mzee wa Mbagala, anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, anapanda daladala mbili. Anywe furosemide saa ngapi?"

Nikamkumbuka. Jibu la kitabuni ni asubuhi, ili mgonjwa asiamke usiku kucha.

"Nikasema anywe alasiri akisharudi nyumbani," akaendelea, taratibu, kama mtu anayesoma hukumu, "kwa sababu asubuhi yuko njiani kwa muda wa saa mbili, au dawa ataiacha kabisa. Prof ukaniandikia sifuri."

"Ulikuwa sahihi!"

"Kwa hiyo ni alama ngapi, Prof?"

"Kumi!"

"Swali lilikuwa na alama tano."

"Zote! Zote binti yangu, funguo!"

Kilichofuata ni mimi na Mungu wangu.

Nilidhani nimemaliza. Nilifika barabarani, nikarudi. Nikafika tena barabarani, nikarudi. Lasix, jina la biashara la furosemide, husemwa lilitokana na Kiingereza "lasts six", yaani dawa hufanya kazi kwa muda wa saa sita. Jambo hilo huwa nalisema darasani kama kichekesho. Binti akanipa stuli karibu na mlango, akatuma mtoto akaniletee ndizi mbivu mbili, nisipoteze potasiamu yote, na maji. Saa kumi na moja na nusu mke wangu akapiga: wanakamati wamefika wote, mweka hazina yuko wapi? Nikamwambia aweke sauti ya juu, nikafungua daftari pale nilipokuwa, nikaanza kusoma.

"Shemeji wa Moshi, elfu hamsini, amelipa. Mjomba wa Tabora, laki moja, bado..."

"Baba, mbona sauti yako ina mwangwi?"

"Niko ofisini."

Kisha nikavuta maji kwa mazoea.

Wiki iliyofuata wanafunzi waliwasilisha matokeo. Jedwali zuri, grafu safi, waliokunywa dawa wako juu kabisa, waliokunywa ukwaju wako chini. Mstari wa saba ulikuwa umeachwa wazi kwenye safu zote, ila ile ya mwisho, ya maoni: "Mjitoleaji hakusaini fomu. Hakupimwa presha. Hakurudisha silinda. Sampuli imebaki Mapipa."

Kumbe binti yule yumo kwenye kundi lao la WhatsApp.