Kasha la kioo, kelele za mashine ya kusaga

Hivi nani aliwadanganya watengeneza makasha ya kompyuta kwamba urembo ni kuziba mbele kwa kioo? Kioo huku, kioo kule, taa za kila rangi, halafu hewa ipite wapi? Feni tatu zinahangaika kuvuta hewa kwenye upenyo wa pembeni usiozidi upana wa kidole. Prosesa ikichemka, madabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta, inaziamuru feni zikimbie, na mashine ya kusaga imeshawaka!

Ukidai ukimya, unaonyeshwa kasha jeusi la kuta za sponji, sura ya kabati la mafaili. Jamani, vyote viwili haviwezekani?

Vinawezekana. Mbele pawe wavu. Feni za milimita 140 badala ya 120, maana hupitisha hewa ileile zikizunguka taratibu. Plagi zake ziwe za pini 4, ili madabodi iweze kuzipunguza mwendo. Zile za bei chee zinazochomekwa moja kwa moja kwenye pawa saplai hazijui mwendo mwingine zaidi ya mbio.

Na chujio la vumbi lichomoke kwa mkono! Eti ufungue skrubu sita ndipo ufute vumbi? Nani atafungua? Wewe? Lako ulilifuta lini?