Ile togwa ya jumuiya: sabuni haikuwemo, jamani

Jamaa yangu wa gereji kashanimaliza. Kaweka sauti kwenye grupu la mtaa, anacheka weee mpaka anakohoa, halafu ndiyo anasema nimewanywesha wanajumuiya maji ya kuoshea vyombo. Asubuhi hii nimepigiwa simu kutoka Tunduma. Tunduma! Binamu yangu anauliza eti nilitumia sabuni ya unga au ya mche.

Sasa nisikilizeni mimi mwenye ndoo. Sabuni haikuwemo. Kwenye ile ndoo sabuni haijawahi kuingia, na yeyote anayelima mboga anajua kwa nini: hizi za unga zina magadi na chumvichumvi, ukimwagia kila siku udongo unashikana unakuwa mgumu na majani ya mboga yanaungua kingo. Mimi figiri zangu nizifanyie hivyo? Mimi?

Mnaonifuata kwa ajili ya picha za chainizi mnaijua ndoo yangu. Kwa wageni: nipo Uyole, Mbeya. Huku mvua zikikata mwezi wa 5 ndiyo mpaka wa 11 huko, na bomba letu linatoka kwa zamu, likiamua. Basi nakusanya vya jikoni. Maji ya kuoshea mchele, ya kwanza na ya pili. Chai iliyopoa. Maji ya kusuuzia jagi la maziwa. Machicha ya kahawa. Soda aliyoiacha mtoto ikaisha gesi, ila hiyo kidogo sana maana sukari inaita sisimizi. Maji ya viazi yaliyotiwa chumvi ni marufuku, na hilo mke wangu analijua, tulishagombana mbele ya wageni. Jioni nazimua na maji mengine, namwagia shinani. Mboga zenyewe mnaziona.

Vyote hivyo vinakaa kwenye ndoo nyeupe ya lita 20 nyuma ya mlango wa jiko. Ndoo nyeupe ya lita 20. Naomba hapo mpashike.

Jumamosi ilikuwa zamu ya sala ya jumuiya kwetu. Mke wangu akaandaa togwa mapema: uji wa mahindi ukapikwa, ukapoa, akatia kimea cha ulezi, akaufunika vizuri upate utamu wake. Akauweka kwenye ndoo nyeupe ya lita 20. Ndoo zenyewe tulizinunua pamoja Mwanjelwa, zilikuwa za mafuta ya kula, hata mifuniko inabadilishana. Ila yake akaihamishia stoo, jikoni kulikuwa na joto la maandazi.

Na mimi wiki hiyo nilikuwa narudi usiku, bustani sikuigusa. Kwa hiyo mzigo ulikuwa umelala. Na mchele wenyewe ulikuwa wa Kyela! Maji ya mchele wa Kyela yakilala yanachacha taratibu, yanatoa harufu yenye ukali fulani mtamu, mtu ukipita unageuza shingo. Vijidudu vinavyochachusha togwa havichagui ndoo. Ongeza maziwa, ongeza kahawa, rangi ikatulia kwenye ule ukahawia wa ulezi wenyewe. Ningeweza kuiuza.

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alikuwa kaja kututembelea kutoka Tukuyu. Dada yake akamwambia, "Kachote togwa kwenye ndoo nyeupe." Lawama igawanywe hapo. Binti wa watu kaingia jikoni, kaona ndoo nyeupe moja, kafunua, kanusa, karidhika. Tena kwa kuwa kafundishwa vizuri, kachukua upawa akakoroga kutoka chini kabisa.

Sala imeisha, matangazo yameisha, vikombe vinaanza kupita. Mimi nimekaa na wanaume tunabishana habari za mbolea ya ruzuku. Cha kwanza akapewa mwenyekiti, mzee wetu, mtu wa heshima zake. Akakizungusha. Akapuliza juu ingawa ilikuwa ya baridi. Akanywa. Koromeo likapanda, likashuka. Likapanda tena. Akashusha kikombe, akafuta masharubu kwa kiganja, akanyamaza kidogo, watu wote tunamtazama.

"Hii," akasema, "imekomaa."

Kina mama wakaitikia mmmh. "Siku hizi mnaharakisha togwa, mnatunywesha uji. Hii imepewa muda." Mke wangu kainamisha kichwa kwa adabu, kafurahi huyo. Mzee akanyoosha kikombe aongezewe. Nasema tena kwa faida ya Tunduma: AKAONGEZEWA.

Katibu wa jumuiya, mama mmoja mpole sana, alikuwa amefika katikati ya kikombe. Nikamwona amesimama kunywa. Akaingiza vidole viwili mdomoni, akatoa uzi. Uzi mweupe. Akauvuta kidogo, ukaja. Akauvuta tena, nao unakuja tu, na kwenye kikombe kitu kinamfuata. Akakipandisha taratibu mpaka usawa wa macho, kinachuruzika: kifuko cha majani ya chai. Kikawa kinazunguka pale hewani, na kikaratasi chake kimeloa.

(Watu wa Iringa nawaona mnaandika. Nyamazeni. Kwenye ulanzi, pombe yenu ya mianzi, mnapuliza wadudu pembeni ndiyo mnapiga funda.)

Nikakitambua. Chai ya tangawizi, niliinywa nikiwa na mafua. Nikamtazama mke wangu, yeye anatazama kifuko. Nikamtazama shemeji, anatazama upawa. Ukumbi mzima kimya, mzee peke yake ndiye bado anakunywa. Ningekaa kimya na mimi, pengine mtu angesema hii ni togwa ya kisasa, imetiwa chai, tukaendelea na maisha. Lakini mdomo wangu ukasimama kabla yangu:

"Jamani msiogope, haina sabuni!"

Hakuna aliyekuwa ameuliza habari za sabuni. Hakuna hata aliyekuwa ameiwaza.

Basi. Mmoja alikimbilia nje akainamia chainizi zangu, wengine maandazi wakayaacha na meno yamo. Jamaa wa gereji akatoa simu. Nikajaribu kuwaeleza habari ya magadi na udongo, mke wangu akaniambia kaa chini baba. Hakuna aliyeugua mpaka naandika hapa. Mmoja anasema tumbo linanguruma, lakini huyo alitokea kwenye kitimoto kabla ya sala, asinisingizie. Shemeji kapanda kosta ya Tukuyu alfajiri bila kunywa chai. Togwa halisi ilipotolewa stoo hakuna aliyetaka hata kuinusa, na ndani ya nyumba hakuna wa kumaliza lita 20, kwa hiyo jana nimeizimua nikamwagia maboga.

Mwenyekiti kanipigia, mzima wa afya, anauliza tuliweka nini cha ziada. Jumuiya ijayo ni kwa mama katibu. Kwenye mgawanyo wa vitu mimi nimepangiwa viti.