Wito wa kurejesha gari usiishie bandarini

Magari mengi yanayopita barabara ya Mtwara kwenda Mingoyo, na yale yanayopanda kwenda Newala na Tandahimba, yalianzia maisha Japani. Yalisajiliwa kule, yakatumika, yakauzwa mnadani, yakapakiwa melini. Gari linafika na tairi zake, redio yake ya Kijapani na kadi yake ya zamani. Kisichofika ni barua ya wito ambayo kiwanda kilimwandikia mwenye gari wa kwanza, kumtaka alirudishe likatengenezwe bure kwa sababu lina kasoro inayoweza kuua. Mimi naamini barua hiyo ni haki ya anayeliendesha leo, awe Tokyo au Masasi.

Chukua mfano wa eabegi, mifuko inayojaa hewa ghafla kumkinga mtu gari linapogonga, za kampuni ya vipuri ya Takata ya Japani. Huu ndio wito mkubwa kuliko yote katika historia ya magari: eabegi zipatazo milioni 100 duniani, ndani ya Honda, Toyota, Nissan, Mazda, Subaru na nyingine nyingi. Kasoro yenyewe iko kwenye kopo dogo la chuma linalojaza eabegi hewa. Takata walitumia baruti ya amonia naitreti, na kwenye makopo mengi hawakuweka kitu cha kufyonza unyevu. Miaka inavyokwenda, unyevu na joto la kupanda na kushuka kila siku huiharibu baruti hiyo. Siku ya ajali inaungua kwa kasi iliyopita kiasi, kopo linapasuka, na vipande vya chuma vinarushwa usoni na shingoni mwa mtu ambaye eabegi iliwekwa kumwokoa. Wapo waliokufa kwa ajali ndogo ambazo wangetoka nazo na michubuko tu.

Hebu tutazame tunakoishi. Wamarekani walipopanga nani atengenezewe kwanza, walianza na majimbo yenye joto na unyevu, kama Florida na Hawaii, kwa kuwa huko ndiko baruti inakoharibika mapema. Malaysia nayo, nchi ya joto na unyevu, imezika watu kwa kasoro hiihii. Mtwara Mikindani, Lindi mjini, Kilwa Masoko: pwani yetu ni ya namna hiyo. Gari linashinda juani nje ya soko, usiku linalala kwenye unyevu wa bahari, kesho tena, mwaka hadi mwaka. Kama kuna watu walipaswa kutafutwa mapema kuhusu eabegi hizi, ni sisi.

Na dereva hawezi kuigundua kasoro hii kwa macho. Taa ya eabegi kwenye dashibodi inapima umeme na nyaya, haipimi hali ya baruti ndani ya kopo. Fundi akilichomeka gari kwenye mashine ataambiwa kila kitu ni kizima. Ndiyo maana sikubaliani na dalali anayemwambia mteja, "Kaka, wewe si umelikagua mwenyewe? Umeridhika." Ameridhika na bodi na injini. Kopo lililofichwa ndani ya usukani hakuna aliyeliona.

Hapo ndipo sheria inapoingia. Marekani kila jimbo lina sheria ya gari bovu, Connecticut ikiwa ya kwanza mwaka 1982: gari jipya likirudi gereji mara kwa mara kwa ubovu uleule bila kupona, kampuni inalibadilisha au inarudisha fedha. Nzuri, lakini inawalinda zaidi wanaonunua magari mapya, na msimu wa korosho malipo ya mnada yakiingia, wengi wetu hapa tunakwenda yadi kutafuta la mtumba. Kinachotugusa zaidi ni Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, tuliyonayo tangu enzi za Waingereza. Inamtaka mfanyabiashara auze kitu chenye ubora unaofaa, na ukaguzi wa mnunuzi humfungia tu madai ya kasoro ambazo ukaguzi huo ungezionyesha. Kasoro iliyojificha ni habari nyingine. Ipo pia Sheria ya Ushindani ya 2003, inayokataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Kwa hiyo muuzaji anayejua gari lina wito usiotekelezwa, akakuambia ni salama, hawezi kujificha nyuma ya maneno ya "mali ikiuzwa hairudishwi" yaliyoandikwa chini ya risiti.

Lakini kumwachia mkulima wa Nanyumbu aende mahakamani ni kumtupa. Japani yenyewe haikuwaachia raia wake: tangu Mei 2018, gari lenye eabegi hatari za Takata ambazo hazijabadilishwa halipewi cheti cha ukaguzi kule. Australia mwaka huohuo serikali iliziamuru kampuni zibadilishe, haikuomba. Sisi tunalikagua gari la mtumba breki, taa na moshi, tunalitoza ushuru wa uchakavu, tunaandika namba ya chesisi kwenye mfumo. Namba hiyohiyo ndiyo inayofungua orodha ya wito. Kuitafuta ni kazi ya dakika chache, na ingefanywa kabla gari halijapewa namba za Tanzania. Takata ilifilisika mwaka 2017, ila waliotengeneza magari bado wapo, na wanauza magari mapya hapahapa nchini. Waulizwe na ya mitumba pia.

Kwa sasa, chukua kadi ya gari lako. Chesisi ya gari la Japani huwa na herufi na tarakimu, kistari, kisha tarakimu nyingine. Tovuti ya kampuni iliyolitengeneza, upande wa Japani, ina ukurasa wa kuingiza namba hiyo; ni wa Kijapani, lakini simu inatafsiri. Ukikuta wito ambao haujafanyiwa kazi, usimruhusu fundi afungue usukani, na usinunue eabegi ya mtumba ya kubadilishia, kwani nayo inaweza kuwa ya Takata. Piga picha majibu, mwandikie wakala wa kampuni hiyo Dar es Salaam, nakala ipeleke Tume ya Ushindani. Na kama wito unahusu eabegi ya mbele ya abiria, kiti hicho kibaki wazi. Vipuri vilipopungua Japani, Toyota walizima eabegi ya upande huo na kuwataka wenye magari wasimkalishe mtu pale mpaka kipuri kipatikane.