Milimita moja ya bure

Corolla yangu ina injini ya 4A-GE ya valvu 16, na nilikuwa natamani siku nyingi kuifungia supachaja, ile pampu inayoisukumia injini hewa ya ziada. Nikaja kuipata, SC12 ya mtumba, na hapo ndo ubishi ukaanza pale gereji Unga Limited, hapa Arusha, maana kila chalii aliyepita kuazima spana alikuwa na rashio yake ya kompresheni kichwani, yaani pistoni ibane hewa mara ngapi. "Weka 10 na zaidi kaka, Chuga tuko juu, hewa nyepesi." Haya, ni kweli tuko kama mita 1,400 na hewa yetu imepungua kama asilimia 15 ukilinganisha na ya Dar, ila gari lina matairi jamani, si mnara wa saa hili.

Mi nilisimama kwenye 8.9. Sikuiota, Toyota wenyewe 4A-GZE, ile inayotoka kiwandani na supachaja, za mwanzo waliziweka 8.0 halafu baadaye wakapanda 8.9, wakati GE za kawaida za valvu 16 zilifika mpaka 10.3. Supachaja inaleta hewa ambayo imeshabanwa na imeshapata joto, pistoni nayo inaibana tena, ukizidisha, petroli inalipuka pembeni huko kabla moto wa plagi haujaifikia, injini inagonga na pistoni zinaanza kuliwa. Mafundi wana hesabu yao ya harakaharaka, chukua presha ya supachaja kwa psi, gawa kwa 14.7 ambayo ni presha ya hewa ya kawaida, jumlisha 1, zidisha na rashio, na jibu likipanda ndo kugonga kunakaribia. Kwa psi 8 na rashio ya 8.9 unapata kama 13.7, kwa 10.3 unagusa 16, na mafuta yenyewe ni haya haya ya sheli.

Tukatafuta pistoni za GZE. Kupima ujazo wa hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda, kulihitaji bomba kubwa la sindano, nikaenda duka la dawa za mifugo, dada akaniuliza ng'ombe anaumwa nini, nikamwambia bado hajaanza kuumwa tunamkinga, akaniangalia sana lakini akanipa. Tukageuza hedi, valvu zimefungwa, kipande cha plastiki ngumu juu na grisi pembeni, tunasukuma spiriti pole pole kwenye kitundu huku fundi amebana pumzi. Ukijumlisha nafasi ya gasketi na bakuli la pistoni, kila silinda ikatoa cc 50. Pistoni inafagia karibu cc 397, kwa hiyo 447 gawa kwa 50, hiyo hapo 8.9. Tulishikana mikono kama tumefunga ndoa.

Ikabaki kupeleka hedi kwa fundi mchongaji aipitishe kidogo tu uso ukae sawa. Mjomba akasema yuko njiani ataipeleka yeye, na ikarudi inang'aa, unaweza kuchania nywele. Nikataka tupime tena. Mjomba akawaka, "Mpwa wangu, send-off ni Jumamosi, hiyo hedi unataka kuifunga au kuipa chanjo?" Na kwa kuwa gasketi alinunua yeye, ikafungwa.

Jumamosi tukatoka Arusha, mjomba mbele na suti, shangazi nyuma amepakata ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, kwenye sinia, na jani lake mdomoni. Tengeru, Usa River, gari linavuta vizuri na mjomba anawapungia watu asiowajua. Boma Ng'ombe tukapita salama, lakini ujue hapo tunashuka tu na hewa inazidi kuwa nzito. Tukateremka Kikafu, tukavuka daraja, sasa kile kilima cha kutokea, gari limejaa, gia ya nne, nikakanyaga. Krakrakrakra! Kama mtu anatikisa debe la misumari chini ya boneti. Nikaachia mafuta ghafla, gari likajikwaa, ndafu akateleza kutoka kwa shangazi akapita katikati ya viti na kichwa kikatua begani kwa mjomba, jani limemgusa sikio. Mjomba hakugeuka. Akasema taratibu, "Mama Neema, hebu heshimu, tuko barabarani."

Shangazi alicheka mpaka Weru Weru. Mi nilitembeza gari bila kukanyaga hadi Moshi, malori yanatupita, na ukumbini ndafu aliingia ana mkunjo shingoni na mafuta kidogo yamebaki kwenye suti ya mwenyekiti wa kamati, yaani mjomba.

Tulivyofungua tukapima tena na bomba letu la ng'ombe. Cc 46. Yaani 443 gawa kwa 46, tuko 9.6, na kwa psi 8 inaenda karibu 15. Bahati pistoni zilikuwa na vidoa tu, gasketi nene ya chuma ingerudisha ile nafasi. Ila nikabeba hedi mpaka kwa mchongaji, nataka kujua. Shikamoo mzee, marahaba, hii umechonga kiasi gani?

"Milimita nzima," akasema anatabasamu. "Mjomba wako aliniambia ni ya gari la mashindano, nikaona kijana nimsaidie, zile za juu sikumchaji."

Nikamwambia mzee inagonga.

Akaipokea, akaifuta na kitambaa, akaipiga jicho uso mzima. "Inagonga eeh? Basi iache hapa, niipunguze tena kidogo."