Kichupa cha Udongo wa Babu

Nianze kwa kukiri kwamba hakuna aliyenituma. Bibi alikuwa amekaa zake sebuleni kwa dada yangu anafuma sweta la mjukuu, akasema tu, kama mtu anavyosema leo kutanyesha, kwamba angependa aione nyumba aliyozaliwa baba yake kabla hajafumba macho. Mtu mwenye akili timamu angeitikia "Mungu akijalia" na mazungumzo yakaisha. Mimi nikasema, "Hilo tu? Niachie mimi."

Bibi huyu ni mama mkwe wa dada yangu, Mmarekani wa ukoo wa Kipolandi. Ana miaka 81, kimo cha mtoto wa darasa la tano na sauti ya refa. Wajukuu zake wananiita Mjomba, naye kwa kuwasikia wao akaanza kuniita Mjomba, kwa hiyo mimi nina mpwa wa miaka 81 na ninamwogopa.

Alichokijua ni kidogo: babu yake alitua Chicago mwaka 1892, na baba yake alizaliwa huko mwaka 1899. Mtaa hakumbuki, namba ndiyo kabisa. Nikafungua kompyuta usiku uleule na kwenda moja kwa moja kwenye sensa ya 1890, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu na 1892. Nikagundua kuwa karibu yote iliharibika kwa moto uliotokea Washington mwaka 1921. Niliumia sana. Nilimpigia shemeji saa tano usiku kumpa pole kwa msiba huo wa nyaraka. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole: mtu aliyefika 1892 angehesabiwaje 1890?

Tukaenda sensa ya 1900. Huko Marekani fomu zenye majina hufungiwa miaka 72 ndipo zifunguliwe kwa kila mtu (za 1950 zilifunguliwa 2022), kwa hiyo ya 1900 unaisoma bure huku umevaa kandambili. Kazi ni kumpata mtu. Jina la ukoo la Bibi lina konsonanti zinazokaa pamoja kama abiria wa jioni, na karani wa sensa aliyebisha hodi kwa babu mwaka ule aliliandika alivyolisikia, yaani vibaya. Siku tatu nilitafuta. Nilimpata kwa kuacha jina la ukoo kabisa na kutafuta mke na watoto kwa mfuatano wao.

Ilikuwa furaha, mpaka Bibi alipoona safu ya mahali alikozaliwa babu. Imeandikwa Ujerumani.

"Mjomba, huyu si babu yangu. Babu yangu hakuwa Mjerumani hata siku moja."

Ilinibidi nimweleze kwamba mwaka 1900 hapakuwa na nchi inayoitwa Poland; ilishagawanywa mwaka 1795 kati ya Urusi, Prussia (ile iliyokuja kuwa kiini cha Ujerumani) na Austria, na ikarudi 1918. Karani aliandika dola iliyotawala pale mzee alikotoka. Bibi alisema karani yule angekuwa hai wangezungumza.

Mstari wa mwisho wa kaya hiyo ulikuwa baba yake. Amezaliwa Oktoba 1899, na kwenye umri pameandikwa 7/12. Nilikaa na hiyo 7/12 muda mrefu nikidhani ni tarehe, halafu nikadhani ni mgawanyo wa urithi, kabla ya mpwa wangu wa miaka tisa, ambaye shuleni wanafundishwa hesabu za sehemu, kuniambia, "Mjomba, si ni miezi saba katika kumi na miwili?" Kumbukeni huyu mtoto. Atarudi.

Sasa namba ya nyumba. Kwenye fomu ile, pembeni kushoto mwa mstari wa babu, pana 87, wino mzito, imekaa wima inajitangaza. Nikaiweka kwenye ramani ya leo ya Chicago pamoja na jina la mtaa (mtaa wenyewe siutaji, wenyeji bado wamo na nimeshawasumbua vya kutosha). Namba 87 ikaangukia katikati ya jiji, penye maghorofa ambayo hata kuyatazama kunaumiza shingo. Babu alikuwa kibarua. Nikasoma tena, safari hii pamoja na maandishi madogo ya juu ya safu, na kumbe 87 ni namba ya mfuatano: nyumba ya 87 ambayo karani aliipitia katika eneo lake. Haihusiani na namba ya mlangoni. Namba ya mlangoni iko kwenye safu nyembamba zaidi, ukingoni kabisa, nyingine zimeandikwa kwa kulaza karatasi. Nikageuza kichwa, nikaiona: 1140.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoharibikiwa. Mtu aliyekosea akajisahihisha mwenyewe ni hatari kuliko aliyekosea tu. Nilitembea nyumbani nikiwa na kifua mbele. Nilimweleza kila aliyesimama karibu nami tofauti ya namba ya karani na namba ya mlango, akiwemo mtu aliyekuja kurekebisha bomba. Ramani ya leo ilinionyesha 1140 ni nyumba ya matofali, ghorofa mbili, ngazi mbele, sura ya kizeeni. Nikatangaza safari ya Jumamosi.

Tulijaa gari mbili. Tulitokea kaskazini tukaufuata mtaa ule kuelekea kusini, na njiani shemeji akasimama kituo cha mafuta. Dada akamwuliza Bibi kama anataka kushuka anyooshe miguu. Bibi akashusha kioo kidogo, akanusa, akapandisha.

"Hapa pananuka. Tuondokeni, babu yangu ananisubiri."

Nakuombeni mkishike hicho kituo cha mafuta pamoja na yule mtoto.

Tulifika 1140. Bibi alishuka taratibu, akajifunga vizuri kitambaa kichwani, akapanda ngazi moja moja akakiweka kiganja kwenye tofali. Akafumba macho. Dada akaanza kulia. Shemeji, ambaye ni mhandisi na halii, alitoa miwani akaifuta mara mbili. Alininong'oneza, "Lakini hii nyumba haionekani mpya kidogo?" Nikamjibu kwa sauti ya mtaalamu kwamba imekarabatiwa.

Mwenye nyumba akatoka. Angeweza kuita polisi. Alikuta watu kumi na mmoja uani kwake, mmoja kaegemea ukuta wake anaongea nao. Nikajitambulisha, nikamweleza sensa, 1900, safu ya ukingoni. Alikuwa mtu muungwana, akatukaribisha ndani. Bibi akazunguka sebule ya watu akielekeza kwa kidole: hapa palikuwa na kitanda, pale jiko, huku ndiko baba alikozaliwa. Mwenye nyumba akawa anaitikia kwa heshima, maana huko ndiko anakoweka baiskeli.

Kisha Bibi akanyamaza katikati ya chumba. "Mnasikia?" akauliza. Hatukusikia kitu. "Nahisi pumzi. Pumzi nzito. Na vishindo vya miguu, miguu mingi."

"Ni watoto," dada akasema huku kamasi zinamtoka. "Si walikuwa watano, Mama?"

Tulipotoka, Bibi akatoa kichupa kwenye mkoba, kilichokuwa cha vidonge, akaomba ruhusa, akachota udongo wa uani kwa kijiko alichokuja nacho kutoka nyumbani. Mwenye nyumba akapiga naye picha. Tukaagana kwa kukumbatiana na mtu ambaye mpaka leo, bila shaka, anawasimulia wageni wake historia ya nyumba ile kama nilivyomfundisha mimi.

Ningeishia hapo, ningekuwa shujaa wa ukoo hadi leo. Lakini nilitaka kumtengenezea Bibi albamu, na albamu ilihitaji ramani ya zamani, kitu cha kutia kwenye fremu. Nikaingia kwenye ramani za bima ya moto za Sanborn, ambazo Maktaba ya Bunge la Marekani imezipiga picha na kuziweka mtandaoni. Hizi si ramani za kukuonyesha njia. Zilichorwa ili kampuni ya bima ijue jengo litaungua kwa haraka gani, kwa hiyo kila jengo limo na umbo lake: la mbao ni la njano, la tofali ni rangi ya waridi, na ghorofa zimehesabiwa. Mimi ni mtu wa kuzipenda ramani hizi kupita kiasi. Unaweza kukaa saa mbili unachungulia vibaraza vya watu waliokufa.

Nikaifuata njia panda ya tulikosimama Jumamosi. Nikaipata. Namba za pale zilikuwa chini kabisa ya 1140, hata hazikukaribia. Nikasema ramani imekosea. (Nilisema hivyo kweli, peke yangu chumbani, kwa sauti.) Nikavuta karatasi nyingine, ya miaka ya baadaye, na humo kila nyumba ina namba mbili, moja ndani ya mabano kama aliyetalikiwa.

Basi nikasoma nilichopaswa kusoma kabla sijajaza gari mbili. Namba za nyumba za Chicago zilikuwa vurugu tupu, kila upande wa jiji ukihesabu kivyake, hata mtu mmoja aitwaye Edward Brennan akachoka, akaupigia debe utaratibu mpya mpaka baraza la jiji likakubali. Tarehe 1 Septemba 1909 namba zikabadilishwa: sifuri ikawa makutano ya mitaa ya State na Madison, na kutoka hapo, kwa kawaida, namba 800 kwa maili. Katikati ya jiji wakafuata 1911. Hull House, ile nyumba maarufu ambamo Jane Addams aliwahudumia wahamiaji, ililala ikiwa 335 South Halsted ikaamka 800, bila kusogea hata inchi. Walichapisha na kitabu kizima cha kugeuzia namba za zamani kuwa mpya. Kitabu kizima! Na babu wa Bibi alihesabiwa mwezi Juni 1900.

Nyumba yake ilikuwa maili moja na ushee kaskazini mwa pale tulipolia.

Mtu mzima angefunga kompyuta. Mimi nikarudi kwenye karatasi ya zamani kutazama palikuwa na nini pale uani mwa yule muungwana. Palikuwa na kiboksi cha njano, kimechorwa X kona hadi kona. Nikaenda kwenye ufunguo wa alama. X ni banda la farasi.

Nikakumbuka pumzi nzito. Nikakumbuka miguu mingi.

Kisha nikaingiza namba mpya kwenye ramani ya leo, nikijua ndani ya moyo wangu kabla picha haijafunguka. Kile kituo cha mafuta.

Wiki mbili sikukanyaga kwa dada. Siku niliyokwenda, kichupa kilikuwa juu ya kabati, kati ya picha ya baba yake Bibi na saa ya ukutani iliyoharibika. Nikaona kimepungua. Nikaambiwa robo ya udongo imetiwa kwenye chungu cha maua dirishani. Nikatazama dirishani. Maua yale, yaliyokuwa yanakufa tangu mwaka juzi, yalikuwa yamefura kama yamelipwa.

"Bibi," nikasema, "nina jambo."

Nilieleza yote, Brennan, mabano, rangi ya njano. Alifuma hadi mwisho wa mstari ndipo akaweka sindano.

"Farasi?"

"Farasi, Bibi."

"Wangapi?"

Nikasema ramani haihesabu farasi. Shemeji alikuwa ameshatoka chumbani; tulimsikia jikoni, mhandisi yule asiyelia, akicheka kwa kujibana mpaka akagonga kabati.

"Na nyumba yenyewe iko wapi?"

"Unakumbuka ulipokataa kushuka?"

Bibi akanitazama kwa muda ambao ningependa kuusahau. "Nipe koti langu," akasema.

Safari ya pili tulikwenda gari moja. Mimi nilikalishwa nyuma katikati, na kitabu cha namba, nilichokuwa nimekichapa kurasa zinazohusika, alipewa yule mpwa wa miaka tisa. Alikagua namba kila njia panda, akatusimamisha penyewe, akathibitisha mara mbili bila kuulizwa.

Pale hapakuwa na udongo. Saruji tupu, na michirizi ya mafuta ya rangi za upinde wa mvua. Bibi alisimama karibu na pampu ya tatu, na kichupa chake kitupu cha akiba mkononi, akiangalia chini. Hakufumba macho, hakusikia pumzi. Dereva mmoja nyuma yetu akapiga honi. Halafu Bibi akaingia dukani humo ndani, akachukua kitambaa cha kufutia vioo vya gari, yeye ambaye hajawahi kuendesha, akakiweka mbele ya kijana wa kaunta.

"Unahitaji risiti?" kijana akauliza bila kuinua kichwa.

"Ndiyo niliyoifuata."

Juu ya risiti, chini ya nembo, pamechapwa anwani: mtaa wa babu na namba mpya. Bibi aliisoma kwa sauti yake ya refa, polepole, watu wa foleni wakageuka. Akaikunja mara nne ipate kuingia kwenye kichupa. Mimi nilikuwa nimeshanyoosha mkono nimsaidie kuishika.

Akampa mtoto.