Nimeuza muziki kwa kangomba

Jamani mi natunga muziki wa magemu, ndo kazi yangu, nipo hapa Chikongola Mtwara na laptopu na kinanda ambacho noti mbili hazilii, na kila nikisema hivyo mtu ananiuliza "sawa, na kazi unafanya lini?"

Juzi mzungu mmoja kanitumia mkataba kurasa 11, kimombo cha mahakamani kitupu. Huku kwenye magemu unalipwa kwa dakika za muziki uliokamilika, mi nimepewa dakika 2 za kupigana na lile dude kubwa la mwisho, zinajirudia zenyewe, mwisho unaingia kwenye mwanzo bila kusikika kiraka, na hicho kiraka tu kinanila siku mbili na mfuko mzima wa karanga. Sa kuna dogo huko dude linamshinda, anasikiliza dakika zangu toka alasiri mpaka isha, na mimi hela ni ya dakika 2 zile zile.

Afu haki zote zake, milele, ulimwengu mzima, ndo walivyoandika, ULIMWENGU, dunia haijawatosha, na kwa njia zote zilizopo na zitakazokuja kugunduliwa. Yani upigwe huko sayari ya Zebaki mi sina changu. Marekebisho je? Mpaka mteja aridhike. We ushawahi kuona mteja karidhika, hata pale feri kwa wauza samaki mtu kapewa changu na nyongeza juu bado ananuna.

Mjomba kaja toka Tandahimba na ming'oko yake, vile viazi pori vya huku kwetu, nikamsomea kwa Kiswahili, anamenya tu kimya, kamaliza wa tatu ndo kasema "mjomba, hiyo kangomba." Wa bara hamjui, kangomba ni mkorosho bado una maua, we una shida, anakuja jamaa na bakuli lake anakununua kwa bei ya huruma. "Sisi angalau stakabadhi ghalani ipo toka 2007, korosho inapimwa chama cha ushirika inaenda mnadani. Nyie chama chenu kiko wapi?" Sina chama. "Mzani?" Sina mzani mjomba, kula ming'oko.

Ila iliniuma, usiku nikamwandikia mzungu: marekebisho matatu, la nne nalipwa, nusu ya hela kabla sijagusa kinanda, na gemu ikiuza sana nipate asilimia hata kiduchu. Jibu halijamaliza dakika 5. Marekebisho matatu sawa, nusu hela tutaona, asilimia hapana, lakini nisijali, jina langu litatokea mwisho wa gemu.

Mwisho upi sasa, na dude lenyewe halifi?

Mjomba kasema basi muombe alipunguze nguvu. Nikaona ujinga, afu nikaandika. Toka jana kimya.