Niliomba maji tu jamani

Haya, kwa kuwa yule bwana tuliyeenda naye Kampala ameshatuma voisi noti kwenye magrupu yote mpaka la ukoo, acha niseme mwenyewe. Yake ina chumvi. Eti nilisema mara tatu. Mbili tu!

Tulijitolea wiki tatu kwenye kituo cha watoto yatima huko nje ya mji. Ya kwanza ikaenda fresh, nasugua masufuria ya posho (ugali nyie), nafundisha hesabu, na nikishajua "webale" (asante) na "oli otya" (habari yako) za Kiganda kichwa kikavimba. Nikasema si Kibantu tu hiki, maji watu wanaita amazi, shida iko wapi.

Jumamosi tumetoka kucheza mpira, jua linachoma, watoto kama arobaini wako chini ya mwembe, na anti mlezi mkuu kakaa na wageni wake wa kanisani kwenye viti vya plastiki. Nikasimama katikati, jasho linatiririka, nikapaza sauti kama mgombea udiwani: "Njagala okunywa amazi!"

Kimya. Mpaka kuku nadhani waliacha kudonoa. Nikajua hawajasikia, nikarudia, na safari hii nikaweka vitendo kabisa, kichwa nyuma, glu glu glu, halafu nikajipapasa tumbo kuonyesha utamu. (Hapo kwenye tumbo ndo panaponiuma mpaka leo.)

Katoto kamoja ka kama miaka mitano kakanisogelea taratibu, macho yamekatoka, kakauliza: "Ga ani, anko?" Yaani ya nani? Mi nikaona kumbe hapa kila mtu ana maji yake, nikakumbuka jagi la anti linalokaaga kwenye friji. Nikamnyooshea kidole, natabasamu: "Ga anti!"

Wadau. Kwa Kiganda maji ni amazzi, hiyo z unaikanyaga kama breki ya daladala. Ukiipitia juu juu umeomba mavi. Mimi na ndevu zangu, mbele ya watu wa kanisa, nimetangaza kiu na nimechagua na ya nani.

Anti akajifunika leso, mabega yanatingishika. Mzee mmoja wa kanisa akapaliwa na soda. Mwenzangu kakumbatia mwembe.

Basi nikaletewa maji nikanywa nimegeukia ukuta. Wiki mbili zilizobaki nikishika kikombe tu watoto wanapanga foleni, "Anko, sema amazzzzi!" Anti alinisamehe, ila jagi lake kalihamishia chumbani.